Alisema Nzuri Tu

Chumba cha mawasiliano cha mamlaka ya maji kilikuwa nyuma ya jengo kuu, kati ya stoo ya mabomba na choo cha wanaume, na kwa sababu hiyo kila aliyekwenda haja alilazimika kwanza kumsalimia mwanamke aliyekaa humo. Walimwita Mama Ova. Neno la simu ya upepo, lile la kusema nimemaliza, sasa zamu yako, lilikuwa limemganda ulimini kiasi kwamba alilitumia hata sokoni akipatana bei ya nyanya. Mumewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika chumba chao cha mbele, aliwaambia wateja, "Huyu akinigombeza humalizia na ova. Basi najua zamu yangu imefika. Shida ni kwamba nikifungua mdomo, yeye keshazima redio."

Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Meza moja, redio moja yenye kipaza sauti cha kushika mkononi, kiti kilichopoteza gurudumu, dirisha lililotazama ukuta. Mafundi wa mitaani walimwita kuomba gari. Mtambo wa kusafishia maji ulimwita kutaja matangi yamefika wapi. Na kila asubuhi, kabla ya chai, aliongea na chanzo, yaani kile kituo cha mtoni ambako pampu huvuta maji ya mji mzima. Kituo kilikuwa bondeni, simu ya mkononi haikushika huko, na aliyekikalia alikuwa mwendesha pampu mmoja na familia yake, katika nyumba ya mamlaka yenye vyumba viwili. Mwendesha pampu huyo alikuwa mume wa dada yake.

Dada ndiye aliyembeba Mama Ova mgongoni walipokuwa wadogo, na sasa ndiye aliyekaa na mama yao mzee. Kwa hiyo ile simu ya asubuhi ilibeba mizigo miwili kwa safari moja: hali ya mto na hali ya ukoo. Hakuna aliyeona ubaya. Huwezi kumuuliza mume wa dada yako kina cha maji kabla hujajua mama ameamkaje. Ungekuwa mtu wa namna gani?

Asubuhi moja chanzo kiliita chenyewe, mapema kuliko kawaida.

"Shemeji, habari za huko? Ova."

"Nzuri, shemeji, za kwenu? Ova."

"Nzuri tu. Ova."

"Mama anaendeleaje na goti? Ova."

"Goti linamtii sasa, anafika mpaka kwenye ngazi. Ova."

"Na yule mdogo, jino limetoka? Ova."

"Limetoka, anazunguka nalo kumwonyesha kila mtu. Sasa, shemeji..."

Hapo redio ilikata. Betri ya chanzo ilikuwa na tabia hiyo. Ilikuwa imezeeka, na maombi ya betri mpya yalikuwa yakizunguka ofisini kama kuku aliyepotelewa na banda. Mama Ova aliita, akaita tena, akaacha. Alijua jua likipanda betri itapata nguvu na shemeji yake atarudi. Akamimina chai.

Kilichokuwa nyuma ya lile "sasa" ni hiki. Lori la mafuta lilikuwa limepinduka darajani, juu kidogo ya kituo, na dizeli ilikuwa ikiteremka na mto, imetanda juu ya maji kwa rangi zote za upinde wa mvua. Ilipendeza kutazama. Mwendesha pampu aliiona ikikata kona. Hakuwa na ruhusa ya kuzima pampu bila amri. Aliwahi kuzima kwa sababu ya magogo, hospitali ikakosa maji, na maneno aliyoambiwa siku hiyo hayajamtoka masikioni. Redio ilipomfia mkononi alichukua baiskeli, akaanza kuukwea mlima kutafuta mahali ambapo simu inashika.

Yeye akiwa bado mlimani, injinia mkuu alipita mlangoni kwa Mama Ova akielekea chooni. Dereva mmoja alikuwa amemwambia kuna ajali upande wa darajani.

"Mama Ova, chanzo vipi?"

"Nimetoka kuongea nao sasa hivi, injinia. Wamesema nzuri."

"Haya."

Basi. Hakuna aliyesema uongo pale mlangoni. Injinia mkuu alimpigia mkurugenzi, akamwambia hali ya chanzo ni nzuri sana. Mkurugenzi, ambaye kituo cha redio cha mji kilikuwa kinamsubiri kwenye simu nyingine, alitangaza kwamba hali ni nzuri kabisa na wananchi waendelee kutumia maji bila wasiwasi. Neno lilipanda ngazi, na kwenye kila ngazi likavishwa nguo mpya. Lilipofika juu lilikuwa limependeza mno, wala halikumkumbuka tena aliyelizaa.

Mwendesha pampu alipopata mtandao, dizeli ilikuwa imeshaingia kwenye matangi. Mji ulikunywa chai yenye harufu ya gereji. Hakufa mtu. Matumbo yaliuma, shule zikafungwa, hospitali ikaletewa maji kwa magari, na matangi yakasuguliwa na watu waliotoka humo macho mekundu kama waliotoka kuzika. Baada ya hapo, kama ilivyo desturi ya maofisi, ikaundwa kamati.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole, mwenye sauti ya kuzoea kusubiri darasa litulie. Kulikuwa na mwanasheria mwanamke aliyezungumza kidogo, na mjumbe mmoja mzee aliyewakilisha wateja. Injinia mkuu aliketi pembeni. Mama Ova aliitwa, akaulizwa swali moja.

"Mwendesha pampu alipoita, alisema hali ikoje?"

"Alisema nzuri tu."

"Kwa maneno yake mwenyewe?"

"Kwa maneno yake mwenyewe."

"Asante, mama. Unaweza kwenda."

Shemeji yake alikuwa kwenye benchi la nje, kofia mapajani. Walipishana mlangoni bila kusema kitu, maana walikuwa wamekatazwa kuzungumza. Mlango haukufungwa vizuri, na Mama Ova, aliyesimama kwenye korido kujitengeneza kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa na kasoro, alisikia.

"Ulikuwa na redio mkononi. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa sijafika, mheshimiwa."

"Hujafika wapi?"

"Hapo kwenye dizeli. Nilikuwa bado nasalimia."

Walicheka mle ndani. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka. Lakini alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, asubiri uamuzi wa mwisho. Uamuzi ukiwa wa kumfukuza, nyumba ya bondeni ingerudi kwa mamlaka, na dada, na watoto, na mama mwenye goti lake, wangetoka na magodoro bila kujua wanageukia wapi.

Dada alikuja mjini Jumapili. Aliingia chumba cha mbele, akasimama katikati ya marundo ya sare. Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye mashine.

"Karibu dada, kaa," alisema Mama Ova.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kukuuliza. Ulitaka aseme nini?"

"Waliniuliza alisema nini, nikasema alichosema."

"Hilo nimelisikia. Nauliza, ulitaka aseme nini? Mtu akikuuliza habari, unajibu mbaya? Tangu uzaliwe umemsikia nani akijibu mbaya? Baba alipofariki, mimi ndiye niliyekupigia simu. Ukaniuliza habari za huko. Nilikujibu nini?"

Mama Ova alikumbuka vizuri. "Nzuri."

"Nzuri. Na maiti iko ndani. Ndipo nikasema, ila baba. Wewe uliingoja ile ila yangu. Ya mume wangu mbona hukuingoja?"

"Redio ilikata, dada."

"Ilikata, au mliimaliza na jino la mwanangu?"

Dada alimtazama kwa muda, akageuka, akatoka. Fundi cherehani alisubiri mpaka hatua zake zikapotea barabarani, kisha akasema taratibu, "Hapo hata mimi ningekosa la kusema. Na mimi ni fundi wa kusema."

Kuanzia hapo dada akija mjini alipita upande wa pili wa barabara. Akikutana na fundi cherehani dukani alimsalimia, akaulizia biashara, akaulizia mpaka afya ya cherehani yenyewe. Mke hakumtaja. Watu wa nje hawaelewi jinsi jambo hili linavyouma. Tusi linaweza kujibiwa. Mtu anayekunyima salamu hajakupa hata pa kuanzia.

Mama Ova aliendelea kukaa kwenye kiti chake kilema, akipokea na kupeleka. Katikati ya habari za vali na magari alikuwa akiyasikia upya mazungumzo ya asubuhi ile. Goti aliliuliza yeye. Jino aliliuliza yeye. Alijua betri imezeeka, alijua kila jibu linainyonya, na bado aliuliza, kwa sababu ndivyo watu wanavyoishi. Kamati ilikuwa imepima maneno ya mtu mmoja katika mazungumzo ya watu wawili. Na yeye alikuwa ameyatoa nusu, akaondoka na nusu yake mfukoni.

"Nataka kurudi kwenye kamati," alimwambia mumewe.

"Kusema nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Watakutoa wewe. Na sare hazitulishi mwaka mzima, unajua. Shule zikishafunguliwa hapa mbele panabaki mimi na nzi."

"Najua."

"Basi nenda ukijua. Nisije nikasikia hukuambiwa."

Aliomba kusikilizwa kabla ya uamuzi, na mwenyekiti, aliyekuwa mtu wa haki, hakukataa. Ukumbi ulikuwa ule ule. Mezani palipangwa chupa za maji ya dukani, kwa kuwa ya bomba yalikuwa bado hayajaaminiwa hata na wenyewe. Mwenyekiti aliinuka kidogo kwenye kiti kama alivyofanya kwa kila aliyeingia.

"Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

"Mbaya," alisema Mama Ova.

"Tunashukuru. Karibu ukae, tusikucheleweshe."

Alikaa. Hakuwa amelipanga neno lile. Lilimtoka tu, maana dada yake alikuwa amempita getini asubuhi hiyo, ameleta barua ya kumwombea mumewe, akamzunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Mwenyekiti alikuwa akipanga karatasi. Mwanasheria alikuwa akifungua chupa. Injinia mkuu peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

"Mwenyekiti, amesema mbaya."

"Nani?"

"Mama hapa. Umemuuliza habari za nyumbani, akasema mbaya, ukashukuru."

Mwenyekiti alivua miwani. Alionekana mzee zaidi bila miwani. "Samahani sana, mama. Nimesikia, na sikusikia. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mwalimu. Dada yangu hanisemeshi."

Kisha akaeleza yote: goti, ngazi, jino, na zile ova zilizokula betri. Mwanasheria aliuliza kwa nini hakuyasema siku ya kwanza.

"Niliulizwa yeye alisema nini. Sikuulizwa mimi nilisema nini. Na niliogopa. Nilipoona swali ni fupi, nilishukuru Mungu, nikajibu, nikaondoka."

Injinia mkuu alijikuna shingo. "Kama tunasema, basi tuseme. Mama aliniambia nzuri. Mimi nilimwambia mkurugenzi nzuri sana. Hiyo sana sikupewa na mtu. Niliitia mwenyewe, kama sukari kwenye chai ya mgeni."

Hakuna aliyecheka. Habari za neno "kabisa" hazikuulizwa. Mwenye nalo hakuwamo ukumbini, na kila mmoja aliitazama chupa yake.

"Sasa mnataka nifanye nini?" mwenyekiti aliuliza, bila hasira. "Nipige marufuku salamu? Nimefundisha watoto maisha yangu yote kwamba kabla ya lolote, msalimie mwenzio."

"Asiyesalimia ama ni mwizi, ama kakimbiwa na mkewe," alisema yule mjumbe mzee.

"Simkatazi mtu kusalimia," alisema Mama Ova. "Mwenye shida aitangulize, salamu ziifuate. Na anayepokea, asiulize goti la mtu kabla hajauliza kuna nini."

Uamuzi ulitoka baadaye, ukiwa na mihuri. Mwendesha pampu alirudishwa kazini kwa onyo. Chanzo kikapewa betri mpya. Kanuni ikabandikwa karibu na kila redio: shida kwanza, salamu baadaye. Na Mama Ova akaondolewa kwenye chumba cha mawasiliano. Haikuwa adhabu, walimweleza, ni kupangiwa kazi nyingine. Alipelekwa kwenye dirisha la malalamiko.

Kupitia ukuta mwembamba aliwasikia mafundi wakihangaika na kanuni yake. "Bomba limepasuka nyuma ya soko, ova. Shikamoo mzee, ova." Mwingine: "Gari limezimika, sijala tangu jana, na habari za asubuhi, ova." Vijana waliona raha. Wazee walipata tabu. Walibonyeza kitufe wakakaa kimya, unasikia pumzi tu, kama mtu anayejilazimisha kuingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Shemeji alikuja dirishani wiki ile ile, amevaa shati safi.

"Shemeji, nimekuja kusema asante."

"Mwenzio anasemaje?"

Alizungusha kofia mikononi. "Yule? Anasema mtu akikusukuma mtoni halafu akakutoa na kukupa taulo, huwezi kumshukuru kwa taulo. Mpe muda, shemeji. Moyo wake ni kama lile tangi, kusuguliwa kwake si kwa siku moja."

Mama Ova akampa muda. Aliwahudumia wenye mita zinazokimbia, wenye bili za nyumba walizohama, wenye mabomba yanayokohoa upepo. Hata hao walianza na nzuri. Alijifunza kutogusa kalamu mpaka nzuri zote ziishe. Jioni alirudi nyumbani, akamkuta mumewe na nzi wake, wakala, wakazungumza habari za watu wengine.

Siku moja foleni ilikuwa ndefu, maji yalikuwa yamekatika mitaa ya juu, na Mama Ova hakuwa na nafasi ya kuinua macho. Alipoyainua, dada yake alikuwa nyuma ya watu watatu, kikapu mkononi. Hakupenya mbele kwa kisingizio cha undugu. Alisubiri kama wote, akasogea walivyosogea, mpaka akafika kwenye kioo.

"Nimeleta malalamiko," alisema dada.

Mama Ova alishika kalamu. Hakukuwa na salamu. Hakuweza kujua kama ni kanuni ile inafuatwa, au ni ile hasira bado iko mahali pake.

"Malalamiko gani?"

"Bomba halitoi maji."

"La wapi?"

"La nyumba ya mamlaka, chanzoni."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake alicheka. "Mama, unalala mlangoni pa mto, halafu huna maji?"

"Wewe ngoja zamu yako," alisema dada bila kugeuka. Akamwelekea tena Mama Ova. "Walikuja kufunga chujio jipya, wakalikata bomba la nyumba, wakasema tunarudi. Mpaka leo. Tunachota kwa ndoo. Mama akitaka kuoga, maji yanapandishwa ngazi."

"Mumeo si ana redio? Angeita."

"Ameita. Anaanza na shida, kama mlivyomfundisha. Wanamjibu, imepokelewa. Kesho anaita tena, imepokelewa. Zamani walau walikuwa wanamuuliza mama anaendeleaje."

Mama Ova aliandika. "Nitawaambia watume fundi. Wamtume lini?"

"Mafundi wenu nawajua." Dada alihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule. "Nataka mtu wa ofisini aje aone kwa macho yake. Mama anakuulizia kila siku. Nimechoka kumwambia una kazi nyingi."

Yule mwanamume wa nyuma alikohoa. Hakuna aliyemjali.

"Nije lini?"

"Jumapili. Na mumeo aje na sindano, sare za watoto zimechanika magotini."

"Tutakuja."

"Andika na bomba, lakini. Usije ukasahau bomba."

"Naandika, dada."

Dada aliondoka bila kuaga, akipita kando ya foleni na kikapu chake. Alipofika mlangoni aligeuka kutazama kama kweli anaandika, akamkuta anaandika.